Baiskeli Iliyoinuliwa ni Bubu

Baiskeli iliyoinuliwa ni bubu.

Mmecheka, wajukuu wangu, mlipomsikia mama Kalista akimwambia hivyo mwanawe. Mtoto kasukumwa kule bombani, kaangukia ndoo, halafu karudi nyumbani keshanawa damu na shati keshalifua, ndipo anaanza kushtaki. Nanyi mkaulizana: baiskeli imeingiaje kwenye ugomvi wa bombani? Na lini baiskeli iliwahi kusema? Haya, kaeni. Nisogezee sinia hilo la mchele, mikono yangu ichambue huku mdomo ukienda zake. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu bondeni Kilombero nchi ni tambarare kama sinia hili. Mtu asiye na baiskeli ni kuku aliyefungwa mguu. Shamba liko mbali, gulio liko mbali, zahanati ndiyo usiseme. Basi wanaume waliendesha, na wanawake nao wakajifunza, wengine kwa kuangukia migombani, mpaka wakaweza. Lakini si kila mtu alipendezwa.

Katika kijiji cha Lumbanga alikuwako mjane mmoja, Leokadia, mfinyanzi wa vyungu. Siku ya gulio alikuwa anapanga vyungu vyake kwenye tenga, katikati ya nyasi kavu, analifunga tenga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, kisha huyo, anapita pembeni mwa barabara kuu akiimba. Na alipenda vitendawili kuliko mimi. Mteja akiulizia bei ya chungu, kwanza ategewe.

Sasa, kabla ya siku ninayowasimulia, gari lilikuwa limemgonga rafiki yake Fotnata. Watu wakakimbia kwa huruma, maana sisi ndivyo tulivyo, mtu akianguka hatuulizi. Wakamwinua Fotnata. Wakaiinua baiskeli, wakaunyoosha usukani. Ndizi zake zilizotapakaa wakaziokota, wakamwekea kivulini. Mwenyekiti wa kijiji alipofika, barabara ilikuwa safi kama ua wa bibi harusi. Dereva akasema, "Mama huyu alikuwa katikati." Nani ampinge? Waliokuwapo wote walikuja baada ya kishindo. Fotnata akalia, akasema alikuwa pembeni, lakini machozi hayaoneshi mahali. Kosa likawa lake.

Mwenyekiti huyo, mzee Likwati, akatangaza kikaoni: "Akigongwa mwanamke mwingine kwa uzembe wake, baiskeli za wanawake hazitaonekana tena barabara kuu. Wapite porini." Porini, wanangu, kwenye matope na nyoka. Fotnata akaitundika baiskeli yake kwenye dari ya jiko, ikawa inakula moshi.

Leokadia alisikia tangazo lile akiwa amekaa nyuma kabisa. Usiku ule na siku zilizofuata aliligeuzageuza jambo la Fotnata kama anavyogeuza udongo mkononi, akitafuta ufa uko wapi. Mwishowe akaupata.

Asubuhi moja ya gulio, alikuwa anakwenda zake pembeni, tairi lake karibu kabisa na majani. Barabara ilikuwa ya udongo, mvua ilinyesha jana yake. Nyuma yake likaja gari la mashine ya mpunga, dereva wake Mshamu. Mbele kulikuwa na shimo. Mshamu alilikwepa shimo, hakumkwepa mtu. Pa! Leokadia akajikuta chini, goti limechunika, kifundo cha mguu kinamuuma, na vyungu vyake vimekuwa vigae.

Watu wakatoka mashambani mbio. "Pole, mama! Pole! Mshikeni! Iinueni baiskeli, magari yasije yakaikanyaga!"

"Asiiguse mtu!"

Sauti yake iliwasimamisha kama kamba.

"Kaumia kichwa," mmoja akanong'ona.

"Kichwa changu kizima, kilichoumia ni goti," Leokadia akasema. "Nani ana kitenge anifunge? Na nyie vijana wenye mapanga, kateni matawi. Yawekeni huku, na kule, kama mnavyofanya gari likiharibika, ili wajao watuone. Lakini baiskeli isiguswe, wala kigae kimoja."

Wakamfunga goti, wakaweka matawi. Mshamu akachuchumaa mbele yake, uso umelainika. "Mama, yaishe. Sisi ni watu wa kijiji kimoja. Rimu nitakunyooshea leo leo. Tuondoe vitu hivi njiani, twende pembeni tuongee kiutu uzima."

"Pembeni?" Leokadia akamtazama. "Hapa nilipoangukia ndipo pembeni."

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza. Leokadia akamtuma kijana mmoja akamwite trafiki mjini, na kwa sauti akaisoma namba ya gari, akawaambia watu wairudie kama watoto wa darasa la kwanza. Wakairudia.

Ndipo akaja mzee Likwati, akiendesha baiskeli yake, kanzu ameifunga kiunoni. Alikuwa shemeji yake Leokadia, mdogo wa marehemu mumewe.

"Si nilisema?" alianza kabla hajashuka. "Shemeji, si nilisema? Inuka hapo! Unautia ukoo aibu. Umekaa barabarani umenyoosha miguu kama uko msibani!"

"Ni msiba, shemeji. Huoni vyungu vyangu vilivyokufa?"

"Mzee," Mshamu akadakia, "mimi nilikuwa nakwenda zangu taratibu, mama huyu akaniingilia katikati ghafla."

Mzee Likwati akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kula. "Haya. Iinueni hiyo baiskeli, njia ifunguke. Maneno tutayamaliza kikaoni."

Wanaume wawili wakainama. Leokadia aliona yote yanaondoka: shamba, gulio, zahanati, na Fotnata na baiskeli yake ya moshi. Akaweka kiganja juu ya gurudumu, akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote. Ndivyo ulivyo ulimi wa mtu aliyelelewa na bibi, huitikia kabla ya akili. Hata Mshamu aliitikia. Hata mzee Likwati. Na wale wawili wakasimama wima kusikiliza.

"Akilala anasema, akiinuliwa bubu."

Wakakuna vichwa.

"Mtoto mchanga!"

"Mtoto akilala anasema wapi? Huyo wa kwako ana pepo."

"Mlevi!"

"Mlevi wa nyumbani kwako labda. Wa kwangu hata umwinue anatukana."

Walicheka, wakajaribu tena, wakashindwa. Mzee Likwati akapoteza subira. "Tumeshindwa, shemeji. Tunakupa mji. Chukua Ifakara, utupe jibu tuondoke juani."

"Ifakara siutaki."

"Basi Mahenge."

"Mahenge mlima, baiskeli yangu haipandi."

"Unataka mji gani basi, mwanamke wewe?"

"Sitaki mji. Nipeni barabara hii."

Kicheko kikakatika. Mzee Likwati akasema barabara ni ya serikali, si ya kupeana kwenye vitendawili.

"Porini unatupeleka wewe, si serikali," Leokadia akasema. "Nipeni mbele ya watu hawa. Nikitaja jibu mkaona ni kweli, barabara hii ni ya kila anayekanyaga pedeli, awe na suruali au kanga. Mkiona ni uongo, shemeji, ichukue baiskeli yangu leo hii, nami nitapita porini wa kwanza."

Watu wote walimgeukia mzee. Yeye alimwona mwanamke aliyechubuka, amekaa kwenye vigae. Akaona hawezi kushindwa. "Tunakupa," akasema.

"Jibu ni huyu aliyelala hapa. Haya, muulize. Vigae viko wapi?"

"Kwenye majani."

"Katikati ya barabara unaona hata kimoja?"

"Sioni."

"Rimu iliyopinda ni ipi?"

"Ya nyuma."

"Mtu akikuingilia mbele ghafla, unamgonga nyuma? Sasa fuata alama ya tairi la gari, shemeji. Fuata tu, mimi siendi popote."

Mzee Likwati akaenda ameinama, mikono mgongoni. Udongo mbichi ulikuwa umetunza kila kitu. Alama ilitoka katikati, ikafika shimoni, ikapinda kulizunguka, ikaja mpaka ukingoni, ikalaza majani. Akakanyaga ndani yake kwa mguu wake mwenyewe, kama haamini macho. Akasimama pale.

"Mshamu," akasema. "Ulikwepa shimo."

Mshamu akaangalia viatu vyake. "Nilikwepa shimo, mzee."

Fotnata alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono kichwani. "Na yangu waliiinua," akasema. "Waliiinua kwa huruma." Mzee Likwati hakuweza kumtazama.

Trafiki alipofika alikuta kila kitu mahali pake. Akapima, akaandika, akamwuliza Mshamu, na Mshamu hakuwa na pa kujifichia. Leokadia akapelekwa hospitali akatibiwe mguu. Na mnajua aliyeiinua baiskeli, ilipokwisha kusema yote? Mzee Likwati mwenyewe, kwa mikono yake. Akaisukuma mpaka kijijini, na kila aliyemwuliza alijibiwa, "Ya shemeji. Na barabara ni yake."

Gulio lililofuata, Fotnata aliishusha baiskeli yake darini, akaipangusa masizi, akapita katikati ya kijiji akipiga kengele mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Aliipiga zaidi ya ilivyohitajika.

Kwa hiyo, wajukuu wangu, ukiangushwa, damu ifunge. Damu haingoji mtu. Jikinge na wajao. Lakini usikubali kusafishiwa barabara na wanaokuonea huruma, wala na anayekuambia yaishe. Kiache kilichoangushwa kilale mpaka kimalize kusema mbele ya watu. Mtoto wa mama Kalista alifua shati kabla halijasema. Sasa anapiga kelele peke yake.

Baiskeli iliyoinuliwa ni bubu.