Paa la Bibi Pema

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mbali, kwenye milima ya upande wa mawio, palikuwa na kijiji kilichozungukwa na ukungu na mianzi. Huko aliishi Bibi Pema, mkunga. Kila mtoto wa kijiji alitua kwanza mikononi mwake. Alikuwa amechoka. Magoti yalilia, ka! ka! Mgongo nao ulijibu.

Asubuhi moja alimzalisha mke wa Norbu. Mvua ikashuka. Paa la Norbu likavuja, to! to! to! mpaka kwenye mkeka wa mzazi.

"Bibi, niwahamishie kwa jirani?" Norbu akauliza.

"Umesahau mila, mjukuu wangu? Mzazi hahamishwi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke."

"Basi twende mianzini ukanichagulie ya kuezekea."

Mianzi mikomavu ilibaki kichaka kimoja tu, juu mlimani. Norbu akatangulia na panga. Bibi Pema akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika.

Tii-chwi! Tii-chwi!

Ndani ya kichaka, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano alikuwa ameatamia. Panga likainuliwa. Hakuruka.

"Haka hakaogopi!" Norbu akacheka.

"Kamechoka. Shusha panga."

"Bibi! Mwanangu alowe kwa ajili ya ndege asiyejaza hata kijiko?"

"Mzazi hahamishwi, Norbu. Mila haikusema ni mzazi asiye na mabawa tu."

"Na wangu je?"

Bibi Pema akaketi juu ya jiwe. Alitamani mtu mwingine ajibu, walau mara hii. Hakuwapo. Tii-chwi.

"Nenda kabomoe paa langu," akasema. "Mianzi yake bado mizima."

"Nawe utalala wapi?"

"Kwa mbuzi. Wao hawaulizi maswali."

Norbu akabomoa, akaezeka kwake. Mtoto akalala pakavu. Bibi Pema akalala bandani, blanketi likinuka beberu, mvua ikimwagika, chururu, chururu.

Kitovu kikadondoka. Makinda wakaruka. Ndipo kijiji kizima kikapanda mlimani, kikakata mianzi, kikaja kumwezekea bibi yao. Kabla hawajafika nusu ya paa, wakamkuta amelala chini, katikati ya kamba na vumbi.

"Tumsogeze?" wakaulizana.

"Mwacheni," Norbu akanong'ona kutoka juu. "Mzazi hahamishwi."

Wakafunga kamba polepole, wasimwamshe.

Tangu hapo, kijijini kwao, mtu hutega sikio kabla ya kuinua panga. Nasi tujue: anayetaka kusitiri wengine huanza na paa lake.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mzigo wa mianzi.