Mchicha wa Simba

Hadithi hii si ndefu, kwa hiyo anayetaka kusinzia asogee kule karibu na mlango. Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Mto ulibaki mchanga mtupu, visima vikabaki matope, na Mamba akawa anapiga chafya kutwa kwa vumbi. Maji yalikuwa mahali pamoja tu, bwawa lililo chini ya pango la Simba, na Simba mwenyewe alilala ukingoni mchana na usiku. Nani angethubutu kusogea?

Ndipo Fisi alipoleta habari. Alisema Simba ameacha nyama kabisa. Siku hizi Mfalme anakula mchicha, na siku akizidiwa na njaa anaongeza bamia mbili tatu. Wanyama wote wamekaribishwa kwenda kunywa Jumamosi, waje na watoto wao, na walionona watangulie mbele kwa heshima. Alipofika kwenye neno walionona mate yalimtoka, akayafuta na kusingizia joto.

Mwalimu Kobe, mwenye shule ya pale, alikuwa amewapa wanafunzi wake kazi ya utafiti, kila mmoja na swali lake. Swali la Sungura lilikuwa hili: je, ni kweli Simba ameacha nyama? Jibu lingesomwa Ijumaa mbele ya wanyama wote, kisha waamue kwenda au kubaki. Sungura alicheka moyoni. Yeye na akili zake zote, swali kama hilo angelimaliza kabla uji haujapoa.

Nyumbani mama yake alikuwa amelala, midomo imempasuka, siku ya pili hajaonja maji. Aliposikia habari ya mchicha alisema Jumamosi atakwenda hata kwa kutambaa. Sungura alitamani habari iwe kweli, alitamani mno, na hapo ndipo akili zake zilipolala usingizi.

Alimuuliza Kasuku, akaambiwa ni kweli tupu. Nyani aliapa kwa mkia wake. Ngiri alisema hata mchicha wenyewe anaujua, ni ule wa majani mapana. Mashahidi watatu, utake nini tena? Sungura aliwaandika kwenye gome la mti, akapeleka kazi yake Jumatano akiwa na miluzi mdomoni.

Kobe aliisoma polepole, maana hakuwa na namna nyingine ya kusoma. Kisha akauliza Kasuku alijuaje. Sungura hakujua, akarudishwa akaulize. Basi kumbe Kasuku alisikia kwa Nyani. Nyani alisikia kwa Ngiri. Ngiri alisikia kwa Fisi, na yale majani mapana aliyaongeza mwenyewe kwa kuwa habari aliiona fupi.

"Umeniletea mashahidi watatu," Kobe alisema, "na mimi namwona mmoja tu, tena anatokwa na mate. Nenda ukamtafute anayekijua chakula cha Simba bila kusimuliwa."

Sungura alinuna. Aliona anaonewa. Nani atakisogelea chakula cha Simba arudi salama? Hayupo. Lakini alipomkumbuka mama yake aliacha kununa, akafikiri sawasawa, na jawabu likaja. Yuko anayekisogelea chakula hicho kikishatokea upande wa pili.

Huyo alikuwa Dundu, mdudu mweusi anayebingirisha mavi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpa hata salamu. Sungura aliziba pua, akapiga hodi. Dundu alifurahi kupata mgeni hadi akatafuta pa kumkalisha, jambo ambalo Sungura alilikataa kwa adabu. Akamwonyesha ghala lake: donge la Jumatatu, donge la Jumanne, na la leo lililokuwa bado na mvuke. La Jumatatu lilijaa manyoya ya Pundamilia. Ndani ya la Jumanne mlikuwa na kipande cha ukwato wa Pofu, ambaye kijijini ilisemekana amehamia kwa shemeji yake.

"Na mchicha?" Sungura aliuliza.

"Mchicha ningeupenda sana, mwanangu," Dundu alisema kwa huzuni. "Lakini kwa Simba sijaupata hata siku moja."

Ijumaa Sungura alisoma utafiti wake na kuonyesha manyoya na ukwato. Fisi alicheka hadi akalala chini. Aliwauliza wanyama kama sasa wamefikia hapo, wanaamini mavi na kumwacha yeye anayekula na Mfalme sahani moja. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Hata mama yake, aliyekuja akijikokota, alimwambia anyamaze asizidi kuwaaibisha. Maneno hayo yalimchoma Sungura kuliko kile kicheko. Kesho mama huyuhuyu angejipeleka mdomoni mwa Simba, na yeye asingeweza kumzuia.

Hakulia, ingawa alitaka. Alichukua gome jipya. "Basi nifute yangu, Mjomba Fisi, niandike yako. Simba anakula mchicha na bamia. Nani anayesema?"

"Mimi, mpwa wangu. Weka jina langu juu kabisa, kwa herufi kubwa."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kila siku. Anatafuna kama mbuzi."

"Na hilo la mbuzi niliandike?"

"Liandike."

Sungura alitia gome kwapani, akapanda jabali lililo juu ya bwawa, lenye shimo la kumtosha yeye peke yake. Wanyama walimfuata kwa mbali, na Fisi kati yao akitembea kifua mbele. Sungura akamsomea Simba yote, neno kwa neno, na jina la msemaji. Na Simba, ambaye siku zote hizo hakuna aliyemuuliza kitu, ndiyo kwanza asikie habari ya mchicha. Kiburi cha Simba mnakijua. Alinyanyua kichwa, akaomba arudiwe pale penye mbuzi. Sungura akarudia, tena kwa sauti zaidi.

"Fisi yuko wapi?" Simba aliuliza.

"Nimenukuliwa vibaya," Fisi alianza, kisha akaona afadhali miguu iendelee na maelezo. Walivuka kilima cha kwanza, wakavuka cha pili, Simba nyuma yake, wakatoweka.

Wanyama walijitosa bwawani. Mama Sungura alikunywa hadi masikio yakamsimama, akamvuta mwanawe kifuani na kumwomba radhi. Punde Kasuku akaja kutangaza kwamba Simba ametumbukia korongoni na amekufa, hivyo watu waoge kwa raha zao. Ngoma ikaanza.

Mama Sungura hakucheza. "Umemwona," alimuuliza Kasuku, "au umesikia?"

Kasuku alikiri kuwa amesikia kwa Nyani. Akaambiwa aende akaone. Alikwenda akinung'unika, akarudi upesi kuliko alivyokwenda, mkiani umebaki unyoya mmoja.

"Nimemwona mwenyewe," alisema.

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Kabla vumbi halijatua bwawa lilikuwa tupu, na kila mmoja alikuwa nyumbani kwake na tumbo la maji. Nami haya nimesimuliwa na Kasuku, na mkia amenionyesha.