Kigingi cha Mzee Kilumile

"Shemeji, nguzo ikisimama mlangoni kwangu, nani kijijini hapa atawaka kabla yangu?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu, mzee Kilumile, mwaka ule umeme ulipopanda kwetu mlimani. Nanyi, wajukuu zangu, mmeuliza kwa nini jana nilimwambia mwenzenu Tumwidike, aliponionyesha Biblia mpya ambayo hajaifungua, kwamba nguzo mlangoni si taa chumbani. Methali hii ilianza hivi.

Lori lilileta nguzo, likashindwa na kilima. Ukaitishwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila nguzo ilipandishwa kwa mabega ya watu ishirini, na sisi wanawake tukaimba mbele yao mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikuwa nimemzika mume wangu miezi mitano tu nyuma, lakini siku ile niliimba hata nikasahau kuwa nimevaa nyeusi. Furaha yetu yote ilikuwa zahanati. Mle ndani lilikaa jokofu la chanjo, bado liko kwenye boksi lake, na wanawake walibeba vichanga mgongoni mwendo wa saa nne kwenda mjini kuchanjwa. Sista Atupele, muuguzi wetu, alilifuta vumbi boksi lile kila Jumatatu.

Wapimaji walichomeka vigingi vyekundu mahali pa kuchimba. Cha mwisho kilikuwa karibu na zahanati. Asubuhi moja nikichuma mboga, nilimwona mzee Kilumile, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, akipita na kigingi kile kikichungulia kwenye koti lake. Akakichomeka mbele ya nyumba yake, hatua sitini kabla ya kufika zahanati. Yeye aliamini umeme hukaa ndani ya nguzo kama maji kwenye bomba, na aliye karibu ndiye hunywa kwanza. Nilidhani ametumwa na wapimaji, nikanyamaza. Mungu anisamehe.

Nguzo ikasimikwa pale pale kwenye kigingi, nyaya zikavutwa. Siku ya kuwasha tulijaa kanisani, mahali pa kwanza kuingizwa umeme. Taa iliwaka mchana kweupe, na bado tuliitazama kama jua la pili. Wazee walipiga vigelegele kama mabinti. Hapo mzee Kilumile akamshika fundi wa umeme mkono, amfuate nyumbani akamwashie na yeye.

"Mzee wangu," fundi akasema kwa upole, "nyumba yako ni ya nyasi. Hiyo hatuiingizii umeme, itaungua."

Sista Atupele akauliza habari ya zahanati. Fundi akatoka kwenda kupima, akarudi amekunja uso. Akaeleza kwamba waya wa kuingia ndani hauzidi mita thelathini kutoka kwenye nguzo, na pale zimezidi. Akafungua ramani yake, akauliza ni nani aliyehamisha kigingi. Hapo nikalikumbuka lile koti.

"Kesho mchana tunaondoka," akasema. "Tukikuta shimo jipya karibu na zahanati asubuhi, tutaihamisha nguzo. Tusipolikuta, mtungoje mwakani."

Mzee Kilumile akakohoa. Akasema jambo dogo lisitie watu huzuni. "Nguzo si ipo? Kila mgeni atakayepita ataiona."

Sikuzoea kumjibu mwanamume mbele ya watu, tena rafiki wa marehemu mume wangu.

"Shemeji," nikamwambia, "mkweo amejifungua juzi. Huyo mjukuu wako atabebwa mpaka mjini akachanjwe, na nguzo yako ikimtazama anavyopita. Nguzo mlangoni si taa chumbani."

Watu wakaguna. Mzee Kilumile alinikazia macho, nikajua sasa natukanwa. Kisha akamgeukia Sista Atupele, ambaye alikuja na kitambaa chake cha kufutia vumbi lile boksi. Akainuka. Zana za msaragambo zilikuwa zimeegemezwa ukutani karibu na mlango. Akachagua sururu iliyo nzito kuliko zote, akaiweka begani, akatoka kuelekea zahanati.