Lango Hulipiwa, Msitu Huulizwa

Lango hulipiwa, msitu huulizwa. Methali hiyo mmeisikia leo kwa wakata miti, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Ilianza hivi, wajukuu zangu, na kwa kuwa nilikuwepo, sitaipamba.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa lango katika shamba la miti la Mzee Kidenya, kule Njombe. Mzee alikuwa ameanza kupokea wageni: mtu analipa, anapewa tiketi, anaingia kutembea chini ya mipaina, kuvua samaki bwawani au kupiga hema. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi na kuwaeleza wageni ni upande gani miti inaangushwa siku hiyo.

Asubuhi moja ya ukungu alikuja bwana mmoja kutoka mjini, Remigi, pamoja na mama yake, Bi Skola. Mama huyo aliwahi kuwa kibarua pale ujanani. Mipaina mingi aliipanda kwa mikono yake, na mwanawe alitaka aione ilivyokua. Nikaanza kueleza habari za ukataji. Remigi akanionyesha tiketi.

"Dada, nimeshalipa. Tuache tupite."

Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshageuka. Nami nikainua kizuizi. Hilo ndilo kosa langu.

Baada ya kitambo nikasikia misumeno ikianza upande wa korongo. Nikatazama nyayo zao kwenye tope, nikaona wameshika njia hiyohiyo. Simu haikushika mtandao. Nikaacha lango wazi, nikakimbia. Kila msumeno uliponyamaza nilisimama kusubiri kishindo, na kishindo kisipokuja nilikimbia zaidi.

Nikamkuta Mgaya, fundi wa msumeno, kando ya mpaina mnene. Nikamshika bega, akazima mashine. Nilipomwambia kuna watu bondeni, uso wake ulibadilika. Mti alikuwa ameshaukata zaidi ya nusu, na upepo ulikuwa umeanza kuusukuma. Tukausikia ukilia ndani kwa ndani. Tukaita kwa sauti. Remigi akajibu kutoka chini, katika ukungu, kwamba wanapanda kutufuata. Mgaya akamkataza, lakini bado tulisikia hatua zake zikivunja vijiti. Kisha hatua zikasimama, na ikaja sauti ya mama yake.

"Fundi, mti unalalia wapi?"

"Chini, kwenye mkondo wa maji. Mama, mti hauwezi kungoja."

"Mkondo uko kulia kwetu."

"Basi nendeni kushoto. Msipande, msishuke. Kushoto tu."

Mti ukaanguka. Ardhi ilitikisika hadi magotini mwangu. Mgaya aliita mara mbili asijibiwe. Nilikaa chini nikiwaza nitamwambia nini Mzee Kidenya, na nitawaambia nini watu wa nyumbani kwao. Alipoita mara ya tatu, Bi Skola akakohoa.

Tulimkuta amemkumbatia mwanawe, wote wamefunikwa majani makavu ya mipaina. Tawi lilikuwa limemvunja Remigi mkono. Akauliza kwa nini shamba linauza tiketi kama watu wanaweza kufa humo. Mama yake akamfuta vumbi usoni.

"Wewe ulilipia lango, mwanangu," akasema. "Msitu huulizwa. Hata mimi niliyeupanda nimeuliza."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, ungetuzuia."

Jioni ile kambini Mgaya aliyarudia maneno ya Bi Skola kuhusu lango na msitu, wakata miti wakayachukua, yakasambaa hadi mashamba ya jirani.

Nililinda lango lile miaka tisa zaidi. Mgeni aliponipa pesa nilizipokea, lakini hakuingia mpaka aniulize miti inaanguka upande gani. Wengine walinikasirikia, wengine wakanishtaki kwa Mzee. Niliwaacha wakasirike. Lango hulipiwa, msitu huulizwa.