Neno Aliloligawa Revati Njiani

Kale sana, mbali huko kwa watu waliosema Kisanskriti, maua hayakujua kuchanua yenyewe. Matumba yalikaa matawini yamefumba, yakingoja kuambiwa. Mwenye kazi ya kuyaambia alikuwa mjane mmoja aitwaye Revati, aliyeirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Kila alfajiri alipanda kilima cha nyuma ya nyumba yake akatamka neno moja: vikasa, yaani funguka, chanua. Likitamkwa juu ya kilima kile, bonde zima lililisikia, na maua yote, makubwa kwa madogo, yalifunguka kwa mara moja. Jua likizama yalipukutika, na kesho yake matumba mengine yalikuwa tayari yanamngoja.

Kazi hiyo ilimpa heshima kubwa. Embe la kwanza la msimu lilikuwa lake, asali ya kwanza ilikuwa yake, na hata wazee wa kijiji walimwamkia kabla hajawaamkia. Tusimlaumu kwa kuipenda heshima, nani asingeipenda? Lakini kazi ile haikuwa na siku ya mapumziko. Revati alikuwa na binti mmoja tu, Sumedha, aliyeolewa mwendo wa siku nzima kutoka pale. Harusi ilifanyika bila mama mtu. Mtoto wa kwanza wa Sumedha alizaliwa na kuzikwa bila bibi yake kumwona. Mara zote mbili Revati alituma salamu, na mara zote mbili akalia peke yake jikoni, kisha alfajiri akapanda kilima.

Basi siku moja, kabla hakujapambazuka, mkwewe Devadata alifika mlangoni akihema.

"Mama, shikamoo. Sumedha ameanza kuumwa uchungu. Ameniambia nikwambie hivi: usipokuja safari hii, usije tena."

Revati alisimama na shuka lake mkononi. Akienda, matumba yatabaki yamefumba, nyuki watakufa njaa, na bonde halitapata tunda. Akibaki, hana mtoto tena. Aliogopa, na hakuona aibu kusema kwamba anaogopa. Devadata hakumhimiza.

Mwishowe Revati alishuka mpaka bwawani, si kilimani. Aliinama juu ya tumba la yungiyungi, akalinong'oneza lile neno kwa karibu kabisa, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulifanya. Akaongeza, "Kuanzia kesho jiambie mwenyewe." Alijua anachokifanya. Neno likishagawiwa haliwezi kurudishwa, na hakuna atakayemletea tena embe la kwanza.

Wakaondoka. Kila alipopita Revati aliinama na kunong'ona, na hakungoja kuona tumba lolote likifunguka. Jua lilipochomoza alikuwa kwenye maboga, na saa sita za mchana kwenye vijiua vyekundu vya kingo za mashamba. Mgongo ulimuuma, sauti ikamkauka, na Devadata akawa anamshika mkono kwenye miinuko. Maua yaliyokuwa mbali na njia yalipelekewa habari na nyuki. Mkuyu peke yake haukuambiwa na yeyote. Jioni walipofika, wa mwisho kuambiwa ulikuwa mwasmini wa uani kwa Sumedha.

Sumedha alikuwa amelala akielekea ukutani. Aliposikia hatua aligeuka, akamwona mama yake kasimama, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Kilimani kuna nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mwanangu."

Sumedha alimtazama. Kisha, katikati ya maumivu yake, uso ukaanza kufunguka, macho kwanza, halafu mashavu, halafu kinywa chote. Revati alikuwa ameyaamuru maua miaka thelathini, lakini daima kutoka juu ya kilima, ambako aliona rangi tu. Hakuwahi kuona kwa karibu kitu kikichanua. Neno lilimtoka lenyewe, polepole, bila kuamuru chochote: vikasa. Alilia, na Sumedha akalia naye. Mtoto alipozaliwa, alipokelewa na mikono ya bibi yake.

Na tangu siku hiyo kila ua huchanua kwa saa ile aliyopita Revati: yungiyungi na ua la boga asubuhi, mengine adhuhuri, asmini jioni. Mkuyu, ambao haukuambiwa, huzaa bila mtu kuliona ua lake. Na wale watu wa Kisanskriti wakalitumia neno lile kwa ua linalofunguka, na kwa uso wa mtu pia. Wewe ukilisema leo mbele ya tumba, hata ukishinda hapo kutwa, halitakusikiliza. Limekwisha ambiwa.