Bunduki Yenye Mbwa Ubavuni

Koroma si dafu wala si nazi. Ukilipasua upate maji ya kunywa, maji yamekwisha utamu. Ukilikuna upate tui, tui halitoki. Ndilo analobaki nalo mtu aliyesimama chini ya mnazi tangu asubuhi, akimwambia mkwezi hii ndogo, ile imepinda, mpaka wenzake wote wamekwenda zao na nazi zao. Ndiyo maana wahenga wakasema mchagua nazi hupata koroma. Atakayebisha na asikilize habari za Mwinyimadi wa Olumbi. Yeye hakuchagua nazi, alichagua bunduki, lakini ni yale yale.

Mwinyimadi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi, mtoto wa baba aliyevuka Ruvuma akitokea Lindi. Alikuwa mtu mwema, msikitini hakosi, ila alikuwa mchaguzi kupita kiasi. Kanzu yenye mkunjo mmoja haivai. Samaki mwenye jicho lililolegea kidogo anamrudisha kwa mvuvi. Hata mke alimtafuta miaka sita, na hapo, kwa rehema za Mungu, akampata Somoe wa Quiterajo, mwanamke ambaye hata mimi nisingemtia kasoro. Basi akadhani kwamba kuchagua sana ndiko kulikompa, wala hakushukuru bahati.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa kijiji, pale muhogo unapokwisha na msitu unapoanza. Mwaka wa 1964, baada ya mavuno ya mpunga, chui aliuzoea mji ule. Siku moja, jua likiwa utosini, alimchukua mbuzi nyuma ya jiko, hatua chache kutoka alipokuwa binti yao Mwanaasha, mwenye miaka minne, akicheza na vifuu. Somoe hakulia wala hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akamwosha miguu, kisha akamwambia mumewe maneno ambayo hakuyarudia tena.

"Baba Mwanaasha, mvua za kwanza zikinikuta mji huu hauna ulinzi, mimi na mwanangu tutakwenda Quiterajo kwa mama. Sikutishi. Nakuarifu."

Mwinyimadi alimpenda mkewe. Kesho yake alifika posto, ofisi ya serikali ya kikoloni, akasimama mbele ya mkubwa wa pale, Sebastião, akapewa licença, yaani kibali, ya bunduki moja ya marisau, zile punje ndogo za risasi. Hapo alifanya vyema. Bunduki ya risasi moja hupita kwenye ukuta wa udongo ikamfuata jirani kitandani, lakini marisau hutawanyika, hayapiti mbali, wala hayadai mpigaji awe na jicho la mwewe. Kwa kulinda nyumba, ndiyo yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kwenda kuichukua tu.

Alikwenda Mocímboa, dukani kwa Abdurremane, akiongozana na jirani yake Kurwa, mkulima wa minazi, mtu wa maneno machache ambaye naye alikuwa na licença yake mfukoni. Abdurremane aliwatolea bunduki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtutu mmoja, nyepesi, safi. Mwinyimadi aliiinua, akaishusha, akasema ni nyepesi kama fagio, chui atamcheka. Ya pili ilikuwa ya mitutu miwili, nzito ya kutosha, tako lake limekaa begani kana kwamba alipimiwa yeye. Aliivunja katikati ifunguke, akachungulia ndani ya mitutu, akaona inang'aa. Uso ukamkunjuka. Kisha akaigeuza ubavu, na pale kwenye chuma akaona mafundi wa Ulaya wamechora mbwa, masikio yamelala, ana ndege mdomoni.

Mwinyimadi aliirudisha mezani kana kwamba imemwunguza. Alieleza kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na nyumba yenye picha ya kiumbe vile vile, sasa picha ya mbwa itakuwaje? Abdurremane, ambaye alikuwa Mwislamu kama yeye na amehiji, alimjibu taratibu kwamba mbwa yule habweki wala halambi chungu, na kwamba kitu kinaweza kufunikwa. Mwinyimadi hakutaka. Aliambiwa kwamba meli ya Porto Amélia itamletea nyingine, ya mitutu miwili, isiyo na mchoro wowote. Akasema ataingoja hiyo. Kurwa hakungoja meli. Alilipa, akaichukua ile yenye mbwa, akaichana kaniki yake kuukuu akamfunga yule mbwa kwa kipande chake, na safari ikawa imekwisha.

Meli ilikawia. Somoe alitazama mawingu kila siku. Mwishoni mwa Septemba bunduki za namna nyingine zikalia kule kijijini Chai, na vita vya ukombozi vikaanza. Watu walifurahi moyoni na kuogopa usoni. Wengine walivuka Ruvuma, wengine waliingia msituni kwa wapiganaji, mashamba ya bara yakaachwa, na msitu ukazidi kusogea na wanyama wake. Amri ikatoka: bunduki zilizokwisha kuandikishwa wenyewe wabaki nazo, wazionyeshe posto kila mwezi, lakini mpya haziuzwi tena. Mwinyimadi alikwenda kuomba, akaomba tena. Sebastião alimwambia kwamba kilichoruhusiwa ni gobore tu, na alipokuwa akigonga muhuri kwenye kibali chake alikuwa anacheka.

Gobore lenyewe alilipata kwa mwindaji mmoja wa bara, mzee kuliko mwindaji mwenyewe, tako limepasuka, mtutu una kutu. Sasa hapo mchaguzi alipata kazi. Tako alilisugua kwa msasa, ufa akaufunga kwa waya wa shaba, akashona mkanda wa ngozi ya mbuzi na kifuko cha fataki. Alimimina baruti, akaishindilia kwa makumbi ya nazi, akatia vipande vya misumari, akalisimamisha nyuma ya mlango, mdomo juu. Na kila siku baada ya alasiri alilipaka mafuta ya nazi, nje na ndani ya mdomo, mpaka likawa linang'aa kama bwana harusi. Kurwa alipita siku moja, akalitazama, akauliza kama lile gobore linamlinda yeye au yeye analilinda. Mwinyimadi alimwona ana wivu.

Ikafika siku ya mawingu mazito, mwezi wa Novemba. Njia ya Quiterajo sasa ilikuwa ya hatari, na Somoe alilijua hilo, lakini ahadi ni ahadi, na gobore yeye hakulihesabu kuwa ulinzi. Alikuwa barazani akifunga mzigo wake bila haraka, na Mwinyimadi amekaa karibu naye. Mwanaasha alikwenda nyuma ya jiko kumpelekea mbuzi majani. Mbuzi akalia mara moja.

Mwinyimadi alichukua gobore akakimbia. Chui alikuwa juu ya kuni, mkia unacheza, na mtoto amesimama mbele yake na majani mkononi. Sitamwita Mwinyimadi mwoga, hasha. Alisogea mpaka karibu kabisa, akalenga, akafyatua. Fataki ikalia ta. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, hata moshi. Mafuta yote yale ya nazi yalikuwa yameteremka siku hadi siku ndani ya mtutu, na baruti ilikuwa imekwisha kuwa uji.

Somoe alimpita mumewe na mfuniko wa sufuria, akaurusha, akamnyakua mwanawe. Chui akaruka kando, kuelekea uani kwa Kurwa, na kule mitutu miwili ilikuwa ikimngojea. Mtutu wa kwanza ulimwangusha, wa pili ukammaliza.

Mwinyimadi alikwenda kule uani, akamshika Kurwa mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka mbele ya watu. Kisha akaomba aishike ile bunduki. Kipande cha kaniki kilikuwa kimelegea, na mbwa anachungulia, ndege wake mdomoni. Mwinyimadi alimtazama sana. Halafu, kwa mikono yake mwenyewe, alimfunika tena na kumfunga vizuri.

Somoe alikuwa nyuma yake, mtoto kiunoni.

"Mume wangu, nilikuomba mlinzi wa mji. Wewe ukatafuta mkwe."

Watu walicheka, na mwenyewe akacheka huku anajifuta macho. Mzigo ulifunguliwa jioni ile ile. Wiki haikupita, Mwinyimadi na Kurwa walikata mlango kwenye ua ulio kati yao, miji miwili ikawa na mlinzi mmoja, na risasi anazinunua Mwinyimadi, bila kuchagua rangi ya kasha. Mvua za kwanza zilimkuta Somoe jikoni kwake, anakuna nazi na kuimba. Gobore nalo halikutupwa. Lilifungwa mlalo kati ya nguzo mbili za baraza, na juu yake Somoe akaanika nguo za mtoto. Mgeni akiuliza ni kitu gani kile kinachong'aa hivyo, Mwanaasha alifundishwa kujibu, na alijibu bila kukosea hata herufi moja: mchagua nazi hupata koroma.