Kibuyu Cheupe cha Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika, mmenong'ona. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Nyati alikuwa na shamba la mtama, na wanyama wote walilima humo. Mwaka mmoja akaja Nyani na ufundi mgeni: ukuta wa kuziba mto, maji yasimame, shamba linywe hata kiangazi.

Nyati hakujua aamini nini. Akaleta vibuyu viwili.

"Midomo yenu hunisifu tu," akasema. "Nataka kunde zenu. Anayeona ukuta utadumu, atie kibuyu cheupe. Anayeona utabomoka, atie cheusi. Masika yakipita, waliopatia watagawana zote. Nami nitafuata kibuyu kizito."

Sasa, Fuko, mama wa watoto watatu, alikuwa akiishi chini ya ardhi, bondeni, karibu na mto. Akaenda pale pa kujengwa. Akachimba, kwaru, kwaru, kwaru. Mchanga. Akachimba tena. Mchanga mtupu. Akatia kunde zake zote kibuyu cheusi. Chura akatia. Panya akatia. Siku ya tatu, cheusi kikawa kizito.

Nyani akaona. Akaja na gunia. Mwaaa! Akalimimina lote kwenye cheupe.

"Lo! Gunia zima!" akasema Swala. "Nyani anajua kitu." Akatia cheupe. Ngiri akatia cheupe. Wote waliobaki wakatia cheupe.

Fuko akamwendea Nyati.

"Mzee, gunia lile ni la nani?"

"La Nyani."

"Na ukuta ni wa nani?"

"Wa Nyani."

"Basi hao wengine wamefuata gunia, mto hawakuutazama. Chini ni mchanga, mzee. Njoo uone."

"Bi Fuko, kibuyu kimesema. Nenda zako."

Akaenda. Ukuta ukajengwa. Mvua zikaanza. Fuko akachimba shimo jipya kilimani, siku nne, kucha zikamtoka damu. Siku ya tano akambeba mtoto wa kwanza, akamfikisha. Akateremka kumchukua wa pili.

Alikuwa nusu ya njia aliposikia. Tuuu! Ukuta umeachia. Maji yakameza mtama, yakameza bonde. Fuko akaita. Akaita. Akaita. Maji ndiyo yaliyoitika.

Masika yakapita. Nyani alishahama, kaupeleka ufundi wake kwa wengine. Nyati akapanda kilimani, kichwa chini, na kunde mgongoni.

"Ulipatia, Bi Fuko. Hili ni fungu lako."

"Nilikuambia uje uone."

Fuko akamkumbatia yule mtoto mmoja, akaingia naye shimoni. Kunde zikabaki nje mpaka zikaota.

Wadogo kwa wakubwa, sikieni: makisio ya wengi husaidia pale kila mmoja anapoweka anachokijua. Mmoja akija na gunia, wengine wakamfuata, huo ni uzito tu, si ujuzi. Na ukiambiwa njoo uone, nenda ukaone.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nanyamaza.